Asili

Ukumbini kwa mkurugenzi, feni ikikoroma,
nilisoma nimesimama: chanjo ya surua,
asilimia mia na nne.
Wakapiga makofi. Nikaongezewa soda.

Usiku usingizi ulipaa.
Hao wanne wa juu ya mia ni wana wa nani?
Na kama debe limefurika,
mbona Lechipya wa zahanati kanipigia simu mara mbili
kuulizia vitamini A na dawa ya macho?

Mwalimu Chiwanga alitufundisha sehemu darasa la nne:
kiasi juu, asili chini.
Kiasi ninacho, nimekichoma kwa mkono wangu.
Asili niliikopa kwenye makadirio,
na makadirio hayajawahi kuvuka mbuga ya Bahi.

Tumevuka. Udongo umepasuka vigae,
pikipiki inakohoa, sanduku la baridi mgongoni
likinidondoshea tone tone mpaka kiunoni.
Boma la Gidamis halimo kwenye ramani yetu ya vitongoji;
tulipokuwa tunahesabu kaya, wao walikuwa njiani na ng'ombe.

Watoto kumi na mmoja.
Mabega ya kulia laini, hakuna kovu hata moja.
Ila Udagwenga, miaka minne,
kidole chake cha mwisho kina doa jeusi ukuchani.
"Huyu kachanjwa," Lechipya akasema, kalamu tayari.
Na fomu ya tathmini haiulizi zaidi ya hapo:
doa lipo, weka vema.

Mama yake akacheka, akalamba kidole gumba, akalifuta.
Masizi ya chungu.
Aliwaona wenzake mnadani wana vidole vya wino,
akarudi akajipaka mwenyewe.

Kichupa ni dozi kumi. Wao kumi na mmoja.
Lechipya akanitazama: kufungua cha pili kwa mmoja,
tisa zimwagwe jioni,
na safu ya upotevu wakubwa huisoma kwanza.
Nikang'oa kifuniko.

Alilia kilio cha kutosha boma zima.
Kisha akanyoosha kidole, machozi bado yanatiririka,
akitaka wino. Nikampaka.
Akaleta na cha pili.

Robo hii nitasimama tena chini ya feni ile.
Asilimia sabini na moja, nitasema,
asili imekua.
Kuhusu soda, sijui.