Nani Humfuga Nani

Miaka ishirini na sita Gunnvor ameuliza
nani humfuga nani.
Alianza na roboti moja ya kukamulia,
zizini kwa Eldar, kule Jæren, Norwe;
daftari likanuka samadi hadi ukumbini
walikomvika uprofesa.

Ng'ombe sasa hujipeleka wenyewe,
hata saa nane usiku, wakipenda.
Aliyekosa usingizi ni Eldar:
simu imemfunga kamba
fupi kuliko ya ndama.
"Liandike hilo," alisema.
Akaliandika. Wakalisoma watu kumi na mmoja.

Leo amestaafu. Amekuja bila daftari.
Namba 417 amegoma mlangoni pa mashine,
anamsubiri mtu.
Eldar anavua glovu,
anavipulizia viganja vipate joto.
Gunnvor, kwa mazoea,
anapapasa mfuko, anatafuta kalamu.