Ushakula?

Wiki nzima nimechora pango,
mitego saba, joka, ufunguo chini ya ulimi wake.
Ijumaa baada ya isha, sakafuni kwa Sleyum, Wete,
nimejikinga kwa jalada la daftari
kama karani afichaye hukumu.

Biubwa hakuchomoa upanga.
Akamwendea joka: "Ushakula?"

Napekua karatasi. Hamna.
Dadu ya nyuso ishirini inabiringika
hadi kwenye sahani ya kachori, inatulia:
ishirini.
Wote wananikodolea mie,
mwenye pango, mwenye mvua, mwenye kauli ya mwisho,
nisiye na kauli.

Basi nikaukunja ule mchoro, nikaukalia,
nikakohoa, nikaazima sauti nzito,
nikajibu:
"Tangu nizaliwe, mwanangu,
hajapata mtu kuniuliza."