Msimu wa Tatu

Televisheni ilikuwa moja, ya Mama Amuge,
mke wa dereva wa gari lisilokuwa na mafuta.
Ijumaa saa tatu usiku tuliingia watu kumi na wanane
ndani ya unipoti, kile kibanda cha bati cha kambi ya polisi Tororo,
duara kama sufuria,
kisicho na hata kona ya kumsimamisha mtoto mtundu.

Ndala mlangoni, na lugha za kwetu mlangoni.
Ndani tulisema Kiswahili cha kambi,
na Konstebo Drileba alitufasiria filamu kwa chumvi yake:
akifa mmoja, yeye alizika wawili.

Msimu wa tatu. Vipindi kumi, muuaji mmoja.
Mpelelezi ni mwanamke wa koti jeupe
ambalo halijawahi kukutana na vumbi la kiwanda cha saruji.
Anaokota unywele kwenye zulia,
na kabla tangazo la sabuni halijaisha
maabara imekwisha kujibu.

Baba alikaa juu ya jerikeni, kamba za buti zimelegea.
Koplo Othieno, upelelezi, miaka kumi na tisa.
Alicheka kwa pua.
“Sampuli yangu ilienda Kampala mwaka juzi,
kwenye basi, ndani ya mfuko wa karanga.
Labda waliila.”

Tukacheka sote. Mimi nilicheka zaidi,
maana mfuko ule nilikuwa nimeuosha mimi.

Ilikuwa sampuli ya kesi ya Owori,
kijana wa bodaboda aliyeokotwa kando ya reli
bila pikipiki, bila kiatu cha kushoto.
Faili lake lililala chini ya kitanda chetu
kwa sababu kabati la kituo lilikuwa na mchwa.
Nilikuwa na miaka kumi na mbili; nililifungua.
Kurasa sita. Ya saba ilikuwa risiti ya fotokopi
aliyolipa baba.

Kipindi cha tano, umeme wa yaka ukakata.
Tukachangishana, mia tano, mia mbili,
mtu akaleta yai.
Kipindi cha nane tuligombana: muuaji ni daktari,
hapana, ni shemeji, shemeji hana macho ya kuua.
Mama Amuge aliweka dau la kuku. Alimpoteza kuku.

Kipindi cha kumi
alikuja Bi Nyaketcho, mama yake Owori,
anayechoma mahindi getini pa kambi.
Hakuna aliyemwalika, hakuna aliyemzuia.
Alikaa chini, sinia la mahindi mapajani,
akatazama bila kupepesa
yule mwanamke wa koti jeupe akiweka picha moja mezani
na shemeji akilia, akisema yote,
siku, saa, kisu, mto alipokitupa.

Bati liliitika kwa makofi.
Drileba alipiga mluzi.
Bi Nyaketcho alingoja kelele zishuke,
kisha akamgeukia baba, kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei:

“Afande, huyu mama
anafanya kazi kituo gani?”

Niliisikia jenereta ya kantini ng’ambo ya uwanja.
Niliwasikia mbu.
Baba alifunga kamba za buti, kwanza la kulia,
akalifungua, akalifunga tena.
“Yuko mbali, mama.”
“Mbali wapi? Nina nauli.”
Na kweli, alifungua pindo la kitenge,
noti zilizokunjwa ndogo ndogo,
zikinuka moshi.

Baba hakuwahi kuniambia usiku ule alikwenda wapi.
Alivuta faili chini ya kitanda, akachukua tochi.
Asubuhi matope yalikuwa yamempanda hadi magotini,
matope meusi, ya kule relini,
na kurasa zilikuwa saba na nusu.

Msimu wa nne ulipoanza, jerikeni lilikaa tupu.
Tulilisogeza ukutani. Mtoto wa Drileba akalipanda.