Mita Mia Mbili

Mlinzi wa hoteli, Katonga, kanimulika usoni:
"Mzee Ruhwanya, saa mbili imepita.
Boti za starehe hazilali hapa.
Mita mia mbili toka ufukweni. Soma kibao."

Nimekisoma. Kinang'aa kuliko boti yangu,
niliyoinunua kwa kiinua mgongo cha reli
nipate kulala juu ya maji,
redio kifuani.

Navuta kamba. Nanga inagoma.
"Imenasa wapi?" Mwanga wa tochi unazama majini.

Jikoni, namwambia.
Ziwa lilipopanda lilimeza nyumba nne;
ya pili kushoto ilikuwa ya mama.
Hapo chini yapo mafiga yake.

Kazima tochi.
"Meneja huamka saa moja," kasema,
akarudi zake kwenye kiti cha plastiki.