Mstari wa Chini wa Risiti

Ghorofa ya pili, Barabara ya Nane, Ngamiani,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
hakuna kibao.
Ngazi zinanuka grisi na mpira mpya.
Anayepanda hadi kwetu ama amepotea
ama ameleta simu iliyotumbukia chooni.
"Fundi yupo?"
Tuko mafundi saba. Simu hatutengenezi.

Tumetengeneza Pishi.
Miaka minne, mimi na Mbaruku na wenzetu,
chumvi ya mihogo ya kukaanga imejaa kwenye kibodi,
tumeifundisha deni la mtu
anayelipa nusu Ijumaa, robo mwezi ukiandama,
na kilichobaki kwa machungwa ya Muheza.
Ndiyo, Pishi inapokea machungwa.
Inajua bei yake ya msimu,
inajua na siku yanapoanza kulainika.
Umeme ukikatika katikati ya hesabu,
ukirudi inaendelea pale pale,
kama msusi wa ukili aliyeinuka kuitikia hodi.

Wateja watatu.
Mmoja ni shemeji yake mkurugenzi.

Kila Jumatatu namuuliza Bwana Shekiondo:
na matangazo, tumetenga ngapi?
Anazungusha pete kidoleni, anatabasamu
kama mtu aliyerithi jibu pamoja na nyumba:
"Kizuri chajiuza, Mwanamkuu."

Chajiuza.
Muuza kahawa anayepita chini ya dirisha letu,
kahawa yake haina mfano mtaa mzima,
mbona anagonganisha vikombe?

Mbaruku wa watu hasemi kikaoni.
Alibandika ubeti kwenye mlango wa friji:

    Tumepika kwa makini, chakula kimekolea,
    Sahani zi mkekani, viungo vimeenea,
    Wageni wa mitaani, njaa wanaisemea,
    Mlango tumekomea, twauliza wako wapi?

Ulikaa siku mbili. Ya tatu tukakuta
gundi tu.

Juzi nikavuka barabara, hatua ishirini,
kununua sukari kwa Bi Riziki Semkiwa.
Kwenye kaunta yake inang'aa programu ya watu wengine,
ya kutoka mbali, isiyojua machungwa,
isiyojua hata neno "nikopeshe".
Madeni anayaandika pembeni, daftarini, kama zamani.
Na kila mwezi analipa.
"Kwa nini hii?"
"Walikuja," akasema. "Kijana alikaa hapo ulipo,
akanywa maji, akanionyesha. Wiki ya pili akarudi.
Nyie huko juu... si mnatoa fotokopi?"

Sukari niliiacha pale pale, nimeshailipia.

Usiku ule nilibaki ofisini peke yangu.
Sikuvunja kitu. Sikuiba.
Nilifungua mahali risiti inapopangwa,
na chini ya "Asante, karibu tena"
nikaongeza:
Hesabu hii imepigwa na Pishi. Tupo Barabara ya Nane,
juu ya baiskeli. Panda ngazi.
Na namba ya simu ya mezani,
ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma
tangu ofisi ifunguliwe.

Wiki imepita. Risiti za wateja watatu
zimefungia karanga, zimeelea mitaroni Makorora,
zimefundikwa kwenye pindo za khanga pamoja na chenji.

Leo, saa nne na robo, simu ya mezani ikalia.
Sote saba tukatazamana.
Ikalia tena. Mbaruku akasimama, akakaa.
Bwana Shekiondo akatoka chumbani kwake,
akainua kitambaa kwa vidole viwili
kama anayefunua chungu asichokumbuka kilichomo.
Akasikiliza. "Pishi? Ndiyo. Ndiyo, hapa hapa.
Machungwa?" Akanitazama. Nikatikisa kichwa: ndiyo.
"Na machungwa, ndiyo."
Kisha akaziba simu kwa kiganja, uso umemchanua:
"Si nilisema, Mwanamkuu? Kizuri chajiuza."

Na kwa sauti ya chini, akiniinamia:
"Hivi bei yetu ni shilingi ngapi?"