Tuna Wakati

Leo hatuna safari, tutembee mitaani,
Raya, wacha kufikiri, boti ni kesho jioni,
Miwani yako tayari, imo mwangu mkobani,
Tuanzie na kachori, zile za Vikokotoni.

Urojo tutagawana, vijiko vyetu viwili,
Mbatata ukiziona, niachie hata mbili!
Halafu kutwa mchana, tutambae kwa kivuli,
Honi ikilia sana, tubanane, tusijali.

Hariri tutazishika, kitambaa hatukati,
Mwenye duka akifoka, tuseme: tuna wakati.
Wete ni mbio na shoka, karafuu na kamati,
Leo saa ikichoka, tuipe nayo chapati.

Alasiri ni kahawa, na kashata ya karanga,
Miguu ikizidiwa, tutandike moja kanga,
Miwani ikivaliwa, mvi zangu zitaringa,
Cheka; umeshaolewa, umechelewa kupinga.