Jezi Namba Nne

Nilikununua Mlango Mmoja kwa elfu tatu,
chini ya rundo, kati ya shuka na sidiria,
mgongoni herufi moja imebanduka: ARR ZOLA.
"Mchezaji gani huyu?" Muuzaji akacheka.
"Mimi nauza nguo."

Nikakutafuta kwenye simu ya dada, Nyanzobe;
bando likatuishia mara mbili.
Beki wa kati. Hispania, daraja la pili, misimu kumi na mmoja.
Mabao mawili, moja ulijifunga.
Goti la kushoto. Kisha goti la kushoto tena.
Picha moja tu: umeinua mkono unadai kuotea,
na mpira umeshalala wavuni.

Mkono huo naujua.
Nimeuinua pale Mabatini, uwanja wenye jiwe
ambalo hata refa hulizunguka,
Igogo wanaongoza tatu bila,
watazamaji wametulia juu ya miamba kama pimbi.

Mama huuliza kila Jumapili, "Umefunga?"
Nasema, "Nimezuia."
Hunipa kipande cha sato, upande wa mkia,
bila neno.

Arrizola, sijui siku hizi unafanya nini,
wala kama goti hukuamsha mvua ikikaribia.
Huku mvua hutoka ziwani usiku,
na goti langu, la kulia,
huitangulia.

Jana nimeifua jezi. Z nayo imeanza kulegea.
Nimeishona kwa uzi wa nyavu.